Chokaa Ikilowa

Komisioneri Mutonkole anatangulia, viatu vinang'aa,
mimi nyuma na kishada cha funguo.
"Vyumba sita," asema, "veranda pande tatu,
mabati ya zamani, siyo haya ya siku hizi kama karatasi,
kisima, hati safi kabisa."
Anagonga ukuta kwa kifundo cha kidole
kama mtu achaguaye tikiti sokoni.

Mteja kimya. Mkewe anapiga picha dari.

Nimekaa humu miezi kumi na minne,
nikilala jikoni juu ya magunia ya saruji.
Najua ubao upi wa sakafu unalia,
na kwa nini uliachwa ulie:
mzee Kabwita, kabla kifua hakijamshinda, aliniambia,
"Huo usiuguse, fundi. Ndio ulionipa habari
kwamba binti karudi, saa nane za usiku."

Matofali ni ya udongo wa kichuguu,
kile kile kilichobaki nusu nyuma ya choo,
mchwa bado wanadai chao.
Nilipobomoa kona iliyooza kwa maji
tofali moja lilitoka na alama za vidole vinne,
vidogo,
vya aliyelibeba kabla halijakauka.
Mtoto wa nani, sijui. Alilipwa nini, sijui.
Najua tu kwamba nyumba ilipokwisha
mlango huu wa mbele haukuwa wake.
Nikalirudisha tofali mahali pake,
ila nililigeuza uso: sasa vidole vinatazama sebule.
Hiyo haimo kwenye bei.

"Na hapa, mahali pa moto, kama Ulaya!"
Kama Ulaya. Mwezi wa sita wa Lubumbashi haumjui huyu?
Baridi ya alfajiri inayokufanya uchukie maji?
Miaka ile mishahara iliposahau njia ya kuja mjini,
mama Mwadi aliingiza mbabula humo ndani,
akapikia bukari watu kumi na moja,
na moshi ukapanda bombani kwa adabu
kama wa meneja wa reli.

Tunapita nyuma. Mutonkole anakiita "studio"
kile kijumba cha boyi.
Mlango wake mfupi; kila aliyeingia aliinama.
Mteja naye anainama.
Sikuurefusha. Sikuombwa,
na ningeombwa, sijui ningejibu nini.

Basi ukuta wa barabarani.
Matanga hayajaisha, watoto wa mzee waliandika,
kila mmoja kwa mkono wake, kila mmoja akimwogopa mwenzake:
NYUMBA HII HAIUZWI.
Kalonda kwa rangi nyekundu. Musau kwa makaa.
Wa tatu, yule wa Kolwezi, alimtuma kijana
ambaye hakujua kuandika Z, akaiweka kinyume.
Miezi saba. Mahakama. Mashangazi.
Kisha walipatana, au walichoka tu;
kwa mbali vinafanana.
Nikaitwa na brashi.

Mkono wa kwanza, herufi zikanicheka.
Wa pili, zikabaki kama mishipa chini ya ngozi.
Wa tatu, kimya.
Juu yake, kwa mkono wangu huu,
nikaandika INAUZWA, na namba ya simu ya Mutonkole.

Sasa bei inatajwa verandani. Mteja anakohoa.
Mvua ya kwanza inaangukia mabati
bila kubisha hodi, yote kwa pamoja,
hata Mutonkole inabidi apige kelele
kusema kwamba mtaa huu ni mtulivu.

Mke wa mteja ameacha kupiga picha.
Anatazama ukuta wa barabarani, upande wa ndani,
ambako nako waliandika.
Midomo yake inasoma polepole.
Inafika kwenye ile Z.

Walitaka rangi ya mafuta.
"Chokaa ni nafuu," niliwaambia, na ni kweli.
Sikuwaambia kwamba chokaa ikilowa
hufumbua macho.

"Itakauka, mama," namwambia.
Na hukauka. Kila mara hukauka.